Lita itauzwa bei gani?

Nimesoma makala: mwandishi anasema petroli inayotengenezwa kwa methanoli (aina ya spiriti) itatushushia nauli ya boti huku Lamu. Polepole, ndugu. Teknolojia si uzushi: New Zealand waliifanya kwenye kiwanda cha Motunui miaka ya 1980, kwa methanoli iliyotengenezwa na gesi asilia. Methanoli hupitishwa kwenye kichocheo cha zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo sana), hutoka petroli na maji. Lakini kilo 100 za methanoli hutoa maji kama kilo 56! Zilizobaki ndizo petroli na gesi. Mafuta ya dunia yalipokuwa rahisi, hao New Zealand wakaacha petroli, wakarudi kuuza methanoli. Sisi je, gesi tutaitoa wapi? Na madumu bado yatavushwa kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara. Vijana wa boti nao wasijaribu kutia methanoli yenyewe kwenye mashine, inakula mipira, na ni sumu.