Lotus 18: sifa zake zianzie kwenye Formula Junior

Ukitaja Lotus 18, gari la mbio la kampuni ya Kiingereza Lotus, wapenzi wengi wa mbio za magari watakimbilia Monaco ya mwaka 1960, pale dereva Stirling Moss alipoipatia Lotus ushindi wake wa kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia wa Formula One. Ushindi mkubwa ule, sibishi. Lakini gari hili lilishaingia uwanjani kabla, Brands Hatch, Uingereza, siku moja baada ya Krismasi ya 1959, likiwa gari la Formula Junior, daraja la mbio za madereva chipukizi wenye magari ya injini ndogo. Na kwangu mimi, ubora wake unaonekana vizuri zaidi pale lilipokuwa na injini ndogo.

Formula Junior ilikuwa wazo la Mwitaliano Giovanni Lurani, aliyetaka vijana wa nchi yake wapate pa kujifunzia bila kufilisika. Kanuni zilibana kwelikweli: injini itoke kwenye gari la kawaida la barabarani, isizidi sisi (cc, kipimo cha ujazo wa injini) 1100, na kamshafti, yaani mhimili unaofungua vali, isikae juu ya silinda. Gari la sisi 1000 lisipungue kilo 360, la 1100 kilo 400. Kule Modena, Italia, Vittorio Stanguellini alichukua injini ya Fiat 1100, akaiweka mbele, akaunda gari linalopendeza macho mpaka leo. Mwaka 1959 lilitamba.

Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, hakutafuta uzuri. Lotus 18 ni sanduku: fremu ya mabomba membamba ya chuma, bodi ya faibaglasi, dereva amelala chali karibu na ardhi, injini nyuma yake. Ninachokipenda zaidi ni ekseli za nyuma. Zinazungusha magurudumu, na papo hapo zinafanya kazi ya mkono wa juu wa saspensheni, ule unaoshikilia gurudumu. Chuma kimoja, kazi mbili, uzito umepungua.

Injini nayo ilitoka kwenye Ford Anglia, gari la familia la sisi 997. Silinda zake zina kipenyo cha milimita 81, ilhali pistoni husafiri milimita 48 na ushei tu. Safari fupi namna hiyo huiruhusu injini kuzunguka kwa kasi kubwa bila kujivunja, na Cosworth, kampuni ya kuboresha injini iliyoanzishwa 1958, waliitumia nafasi hiyo barabara.

Wapo wanaolaumu kwamba magari ya aina hii yalipandisha gharama na kuharibu shabaha ya Lurani. Kuhusu gharama wana haki. Formula Junior yenyewe ilikoma baada ya msimu wa 1963. Ila kuhusu kulea madereva, siwafuati. Machi 1960, kwenye uwanja wa Goodwood, Uingereza, Jim Clark alishinda mbio za Junior kwa Lotus 18. Wa pili alikuwa John Surtees, mwendesha pikipiki aliyekuwa kwenye mbio zake za kwanza za magari, ndani ya gari la Cooper la timu ya Ken Tyrrell. Clark alikuja kuwa bingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1963, na Surtees akamfuata 1964.