Nusu milimita inaninyima usingizi

Jamani, kupanga slaidi za picha pacha, zile za vipande viwili vya filamu vinavyoonyesha kina vikitazamwa pamoja, kwa joto hili la Mombasa ni adhabu! Nikizima feni, jasho linadondokea filamu. Nikiiwasha, vipande vinapeperuka na vumbi linatua papo hapo.

Jana usiku nilikuwa na picha ya Ngome ya Yesu, mvuvi kasimama mbele ya ukuta. Picha ni mbili, ya jicho la kushoto na la kulia, kwa sababu macho yetu yameachana milimita 65 hivi na kila moja huona kwa upande wake. Zikikaa sawa, mvuvi anajitokeza mpaka unatamani kumpa mkono. Kipande kimoja kikipanda nusu milimita tu, macho yanavutana, kichwa kinauma. Nikasogeza kwa kibano, nikabandika utepe, nikatazama. Bado! Nikabandua, gundi ikaganda ukingoni.

Mara ya nne ndipo nikaona nimegeuza kushoto kulia: ukuta umekuja mbele, mvuvi kazama nyuma yake. Saa nane za usiku hizo, na filamu kwa unyevu huu imeshaanza kujikunja.