Bidii inayoharibu ubao wa kukwaruza

Simba aliyekwaruzwa unywele kwa unywele, kuanzia masikioni hadi kidevuni, hushangaza kwa dakika moja. Dakika ya pili jicho limeshachoka, kwa sababu kila sehemu inang'aa sawa na nyingine. Kwa maoni yangu, ubao wa kukwaruza unaharibiwa na bidii kuliko uvivu. Mchoraji anakwaruza mno, tena anamkwaruza mnyama aliyemwona kwenye simu tu.

Kwa asiyeujua ubao wenyewe: ni hadibodi ya milimita 3, imepakwa tabaka jembamba la kaolini, ule udongo mweupe, kisha wino mweusi juu yake. Wembe ukipita, wino unaondoka na weupe wa udongo unajitokeza. Rangi ya kijivu haimo kabisa. Unaipata kwa kusonganisha mistari au kuiachanisha. Magazeti ya Ulaya yaliupenda ubao huu tangu karne ya 19 kwa sababu mistari yake ilichapika vizuri hata kwenye karatasi duni.

Mwalimu mzuri wa kazi hii yuko Mabamba, Uganda, kwenye mafunjo ya ukingo wa Ziwa Victoria. Korongo-nyangumi husimama muda mrefu bila kutikisika akimvizia kamongo, na mchoraji anapata nafasi ambayo ndege wengine hawampi. Manyoya yake ni mapana na ya kijivu, na mwanga hushika kingo zake tu. Kwaruza kingo hizo, katikati uache weusi. Mdomo ule mkubwa una madoa na mikwaruzo yake ya asili, kwa hiyo hapo weka wembe kando, tumia brashi ya nyuzi za kioo au chuma laini cha kusugulia, kile cha namba 0000. Mafunjo ya nyuma yasichorwe yote. Vichwa viwili vitatu upande wa mwanga vinatosha. Ndani ya mtumbwi usijaribu kukwaruza, maana unayumba. Chora kwa penseli na uandike pembeni mwanga unatoka wapi na saa ngapi.

Korongo taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda, ana somo tofauti. Nyuzi za taji lake ni ngumu, zimenyooka na zinachipuka sehemu moja nyuma ya kichwa. Wembe huchimba zaidi pale unapotua, kisha mstari hukonda kadiri unavyouinua. Kwa hiyo anzia kwenye shina, vuta mara moja kuelekea nchani. Ukianzia nchani, unene unakaa mahali pasipo pake na taji linageuka fagio. Shavu lake jeupe usilikwangue kwa ubapa wa wembe. Udongo utapata mabonde, na mwanga wa pembeni utayaonyesha yote. Ndege huyu anahesabiwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka tangu 2012, na mabwawa anamozalia yanazidi kukaushwa. Atakayemchora bila bwawa lake amechora nembo.

Gorila wa Bwindi ndiye mtihani wenyewe: manyoya meusi juu ya ubao mweusi. Unakwaruza pale tu mwanga ulipoangukia, yaani kwenye paji, bega na kingo za mkono, na sehemu kubwa ya ubao inabaki ilivyokuwa. Dume mkubwa ana mgongo wa fedha wenye manyoya mafupi kuliko ya mikononi, basi mistari ya mgongoni iwe mifupi pia. Kina hupatikana kwa awamu. Kwaruza, pitisha wino uliozimuliwa sana kwa maji, acha ukauke, kisha kwaruza upya nywele chache za juu. Usirudie mno, kwa sababu kila awamu inakula udongo, na ukiisha utaona ukahawia wa hadibodi. Hapo hakuna dawa.

Mbao za dukani hutoka nje na bei yake huuma, lakini kaolini Uganda tunayo. Mutaka na Buwambo zinajulikana kwa udongo huo. Uloweke na uuchuje kwa kitambaa kizito, kwani chembe moja ya mchanga huurusha wembe. Gundi ya ngozi, sehemu 1 kwa maji sehemu 10, ilale majini usiku kucha, kisha ipashwe moto ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto. Ikichemka inapoteza nguvu. Ongeza kaolini hadi mchanganyiko uwe mzito kama maziwa ya mgando, upake mara nne au tano, kila safari ukikatisha mwelekeo. Nyuma ya ubao pia ipate gundi, la sivyo ubao utapinda. Piga msasa wa 400 ukiwa umevaa barakoa, kisha wino mara mbili, mwembamba. Jaribu kona moja: udongo ukibanduka vipande, gundi ni kidogo, wembe ukiteleza na kukataa kuingia, gundi imezidi. Ile rangi nyeupe ya akriliki ya kutayarishia turubai haifai, ni plastiki, na hujikunja mbele ya wembe.

Wembe wa upasuaji namba 11 unatosha kwa kazi nyingi, na maduka ya vifaa vya hospitali huwa nao. Ubadilishe mara ukianza kusikia unakwama.

Misimu ya mvua, kati ya Machi na Mei, na tena Septemba hadi Novemba, udongo hunyonya unyevu, ukawa laini, na mistari ikatoka na kingo chakavu. Tunza ubao ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usiuanike juani, udongo utapasuka. Weka karatasi safi chini ya kiganja, maana mafuta ya ngozi huacha alama kwenye wino. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya vipodozi. Ukipuliza kwa mdomo, mate yataacha madoa.

Vanishi iwe ya kupulizia, umbali wa sentimita 25 hadi 30, tabaka tatu nyepesi, mchana wa siku kavu. Ukipulizia mvua ikinyesha inaweza kuganda na ukungu mweupe, na kwenye picha ambayo nusu yake ni weusi ukungu huo unaonekana kutoka mlangoni. Ukiamua kuweka kioo, acha nafasi ya milimita chache kati yake na ubao ili visigandane.