Mwachie mtu duka, na umpe daftari

Wafanyabiashara wa Dar wanachapa kazi kuliko wenzao wa huku Hamburg, Ujerumani. Nimeishi kote kuwili, nalisema bila kusita. Kinachonisikitisha ni kwamba tumeigeuza hiyo kuwa sifa. Mtu akisema anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa nne usiku, Jumapili hadi Jumapili, tunampa hongera. Mimi huwafikiria wanawe.

Dada yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, na makazi yake ni Chanika. Hutoka nyumbani gizani ili aiwahi foleni, hurudi watoto wameshalala. Dukani ana vijana wawili, lakini bei ya nondo ikipanda au kushuka lazima aulizwe yeye, punguzo la shilingi 500 kwenye kopo la rangi lazima aulizwe yeye, na mzigo ukija kutoka Gerezani ni yeye anayesimama kuhesabu bati moja moja. Hata msibani simu haimpi nafasi ya kumpa mfiwa pole. Nilipomwambia apumzike kidogo alinijibu, "Mdogo wangu, nikitoka tu hapa, duka limekwisha."

Huku nafanya kazi kwa fundi wa kupaka rangi majumba. Ikifika saa kumi jioni anapanda gari anaondoka, na kazi inaendelea kesho bila presha. Hamzidi dada akili hata kidogo. Amezungukwa na mambo yanayomruhusu kuondoka. Msaidizi wake amesomea kazi hiyo miaka 3, chuoni na kazini kwa zamu, hivyo anajua kukadiria rangi ya ukuta bila kuuliza. Kisheria saa za kazi za mwajiriwa kwa kawaida ni 8 kwa siku, na Jumapili maduka mengi hufungwa. Halafu fundi mwenyewe anajua kukataa. Mteja akitaka awekewe na vigae, anapewa namba ya mtu wa vigae, basi.

Sheria na sisi tunayo. Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki, siku 6. Lakini nani anamhesabia saa kijana wa dukani anayelala stoo?

Hapo ndipo ninapotaka tuambiane ukweli. Tunasema hatuachi duka kwa sababu tutaibiwa, na kweli tunaibiwa. Sasa tazama tunavyolipa. Kijana anashika mauzo makubwa kutwa nzima, na anachopewa jioni kinaishia kwenye nauli na chakula. Mkataba hana, na hajui kama mwezi ujao atakuwepo. Tunamlipa mtu wa kutumwa, tunategemea uaminifu wa meneja. Matokeo yake bosi anakuwa mlinzi wa duka lake mwenyewe, tena mlinzi asiye na zamu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema. Chagua mmoja, mpe mshahara unaomtosha na mkataba wa maandishi. Mpe ruhusa ya kupunguza bei hadi kiwango mnachokubaliana, asikupigie simu kwa punguzo lisilovuka hapo. Wateja walipe kwa lipa namba ya biashara, ujumbe uuone kwenye simu yako popote ulipo. Mzigo unaoingia uandikwe ukurasa mmoja, unaotoka ukurasa wa pili, na stoo ihesabiwe kila wiki siku ileile, wewe ukiwepo. Udokozi hautaisha wote, ila utauona mapema.

Kuna na hili la kushika mambo mengi. Dada ana duka, uwakala wa pesa, vifaranga na bajaji. Namwelewa: huku mtu akifilisika kuna msaada wa serikali wa kumshika asianguke kabisa, kwetu mfuko wa dharura ni biashara ya pili. Lakini ile bajaji inamla. Leo dereva hajaleta hesabu, kesho ipo gereji, keshokutwa imekamatwa, na kila mara anayeacha wateja Buguruni kwenda kuihangaikia ni yeye.

Yule kijana mkubwa ameshapewa ruhusa ya punguzo, na Jumapili sasa dada anabaki Chanika. Bajaji amegoma kuiuza, na kila tukiongea tunabishana. Mimi bado nasema iuzwe, hela yake ianzie kumlipa vizuri huyo kijana.