Planktoni hawaendi ovyo

Kila ninaposoma kwamba planktoni ni viumbe wanaobebwa tu na maji, naona wamedhulumiwa. Ni kweli hawana ubavu wa kushindana na mkondo wa bahari. Hata konyeza mkubwa anahesabiwa miongoni mwao kwa sababu hiyo: mkondo ukielekea kusini, naye yumo. Lakini hiyo ni habari ya kwenda huku na huko. Kupanda na kushuka ni habari nyingine kabisa.

Mtazame kopepodi, jamaa wa mbali wa kamba na kaa, mwenye urefu wa milimita 1 au 2. Aina nyingi hushinda mchana kwenye kina chenye giza, samaki wasiwaone. Jua likizama hupanda kula mwani mdogo ulio karibu na uso wa bahari, na kabla hakujapambazuka wameshashuka. Safari ya mita 200 kwa mwenye milimita 2 ni mara 100,000 ya urefu wa mwili wake! Tena kwa umbo dogo vile, maji ni mazito kama asali. Akiacha kupiga miguu, anasimama papo hapo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wapimaji wa kina cha bahari kwa mwangwi wa sauti walikutana na kitu kama sakafu katikati ya maji. Usiku ilipanda, asubuhi ikashuka. Mwaka 1945 Martin Johnson, mtafiti wa taasisi ya Scripps huko California, alionyesha kwamba ni viumbe hai. Leo tunajua ni planktoni pamoja na samaki wadogo na wawindaji wengine wanaowafuata, na kwamba kwa uzito hakuna uhamaji wa wanyama duniani unaoufikia huu, nao hutokea kila siku.

Kuchagua kina ni kuchagua njia, maana mkondo wa juu na wa chini aghalabu haulingani. Mabuu wa aina kadhaa za kaa huinuka maji yanapojaa ili wasukumwe kuingia mlangoni mwa mto, kisha hutulia karibu na chini maji yanapokupwa wasirudishwe baharini. Huyo naye tuseme anaelea tu?

Wapo kweli wasioogelea. Diatomu, mwani wa seli moja ndani ya gamba la silika (madini yanayotengeneza kioo), ni mzito kuliko maji na bila msukosuko wa mawimbi angezama. Miiba ya baadhi yao hupunguza mwendo wa kuzama. Hao na wenzao hufanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Kopepodi huwala juu, wakatoa kinyesi na pumzi chini, na kaboni ikashuka nao.

Saa ya msafara huu ni mwanga. Huko Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, majira ya usiku usiokwisha, planktoni hufuata mwezi badala ya jua. Watafiti wamekuta pia kwamba taa za meli huwavuruga viumbe hadi kina cha mita 200. Ndiyo maana nashikilia kwamba mwanga wa meli na majukwaa ya mafuta uhesabiwe kuwa uchafuzi wa bahari, uwekewe kanuni kama umwagaji wa mafuta, na taa isiyolinda usalama wa mtu izimwe.