Kijito cha Trauti Kipimwe Saa Yake Mbaya

Wavuvi wengi wa ndoano wanaotafuta trauti, samaki wa maji baridi, huanza kwa kuulizia mto unaosifiwa, kisha wakasongamana kwenye kingo zilezile ambazo kila mtu amekwisha kuzikanyaga. Mimi naamini kwamba uvuvi wenye raha kubwa zaidi umo katika vijito vyembamba, vile ambavyo mtu huvivuka kwa hatua chache, na kwamba kuvipata hakuhitaji bahati wala siri ya kunong'onezwa, bali kunahitaji kufuata maji baridi. Trauti hustawi katika maji ya nyuzijoto 10 hadi 16 hivi za Selsiasi. Joto likipita 20 huanza kutaabika, na likikaribia 25 na kudumu hapo, wengi wao hufa.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kijito kisihukumiwe asubuhi, kinapometameta chini ya miti, bali kipimwe alasiri ya siku yenye joto kali katika kipindi ambacho maji yamepungua kabisa. Maji ya nyuzijoto 10 yanaweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ilhali yale ya nyuzijoto 20 hubeba takriban 9 tu, na wakati huohuo mwili wa samaki aliyepatwa na joto huhitaji oksijeni zaidi. Samaki hubanwa pande zote mbili. Kijito kinachobaki chini ya nyuzijoto 18 katika saa hiyo kinastahili kurudiwa, hata kama ni chembamba kiasi gani, na kipimajoto cha kutumbukizwa majini kwa kamba kina faida kuliko sanduku zima la chambo za bandia.

Kabla ya kutoka nyumbani, hata hivyo, kazi kubwa hufanyika juu ya ramani. Mwinuko ndio wa kwanza kuangaliwa, kwa kuwa hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda; karibu na ikweta trauti waliopandikizwa na binadamu huishi nyanda za juu tu, wakati kwenye nchi za baridi huweza kuishi karibu kabisa na usawa wa bahari. Baada ya hapo nasoma mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Ikibanana mno pale inapokatwa na kijito, maji huporomoka kwa nguvu na changarawe haitulii. Ikiachana mno, maji hutambaa, hupata joto na kulaza tope. Napenda sehemu za katikati, hasa pale mteremko mkali unapolegea ghafla, kwa sababu hapo ndipo vidimbwi huchimbika. Alama ya chemchemi hunivutia kuliko zote. Maji yatokayo ardhini hubadilika joto kidogo sana mwaka mzima, hivyo kijito kidogo kilishwacho na chemchemi huushinda mto mpana unaotegemea mvua peke yake. Picha za setilaiti nazo huonyesha kama kingo zina miti, au kama zimelimwa hadi kwenye maji. Hizo za pili huwa nazipita bila majuto.

Nikifika, sitoi mshipi kwanza. Nainua mawe kadhaa na kutazama upande wake wa chini, kisha nayarudisha yalivyokuwa. Nikikuta mabuu bapa wenye mikia miwili au mitatu, au wale wanaojijengea vijumba vya chembe za mchanga, najua kwamba maji ni safi na chakula kipo. Jiwe lililofunikwa tope laini ni habari mbaya, kwa kuwa mayai ya trauti hulala ndani ya changarawe na huhitaji maji yanayopenya kuyapa oksijeni. Tope likiziba nafasi hizo, mayai hukosa pumzi. Upana haunisumbui, bali kina: kidimbwi kimoja cha kufika magotini, chini ya mizizi au nyuma ya jiwe kubwa, chaweza kumhifadhi samaki mzuri.

Vizuizi pia vina maana. Kalavati ambalo mdomo wake umebaki ukining'inia juu ya maji huwazuia samaki kupanda, na sehemu ya juu yake inaweza kuwa tupu ingawa kila kitu kingine kinapendeza. Maporomoko ya asili ni suala jingine, kwa kuwa juu yake wakati mwingine huishi trauti wa asili waliotengwa tangu zamani, na baadhi yao hulindwa kisheria. Kanuni za eneo na ruhusa ya mwenye ardhi zithibitishwe mapema.

Huvua nikipanda kuelekea chanzo, kwa sababu trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka na hamwoni kwa urahisi anayemjia kwa nyuma. Lakini nikiona kwenye maji mafupi doa la changarawe lililosafishwa, jeupe kuliko lililo kandokando, hutoka kijitoni papo hapo na kupita ukingoni, kwani hapo samaki wametaga, na hatua moja ya kiatu inaweza kuangamiza mayai mengi ya kijito kidogo kama hicho.