Miaka miwili ya misheni Zambia: kijana wa Uyole aende au abaki?

Kuna mjadala umepamba moto kwa majirani zetu hapa Uyole, Mbeya, na naona unagusa familia nyingi tu, ndo maana nimeamua kuuandika kwa urefu. Kijana wao alienda Dar kusoma, huko akabatizwa kwenye Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani hawa wengi tunawaita Wamormoni, na sasa kapata wito wa misheni, anatakiwa Zambia miaka miwili. Baba yake ni Mmoravian wa kuzaliwa, yaani wa lile kanisa la Kiprotestanti la siku nyingi hapa kwetu, hataki hata kusikia. Mama anasema mtoto kashakua aachwe. Wajomba wamegawanyika, na mimi nimeulizwa nasimama wapi.

Kwanza tuelewane hiyo misheni inakuwaje, maana wengi wanadhani ni kama kwenda mkutano wa injili. Kijana wa kiume anatumika miaka miwili, binti miezi 18. Nchi hachagui, barua inatoka makao makuu Salt Lake City, Marekani, inasema unaenda pale basi unaenda pale. Hana mshahara. Anaamka saa 12 na nusu asubuhi, anasoma maandiko, anajiandaa, halafu kutwa nzima ni kutembea na kufundisha, kulala ni saa 4 na nusu usiku. Hakuna mchumba, hakuna muvi, hakuna kusoma chuo wala kufanya kibarua pembeni. Siku moja tu kwa wiki, mara nyingi Jumatatu, ndo ya kufua, kununua mahitaji na kuongea na nyumbani.

Wanaopinga wanasema huo ni utumwa. Mi hapo siwaungi mkono, kwa sababu hawahawa wamepeleka watoto JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, baada ya form six, Mafinga huko na Itende hapa kwetu, watoto wanaamshwa alfajiri na baridi ile ya mwezi wa sita na hakuna aliyelia kwamba kateswa, tunasema wanakomazwa. Ratiba ngumu haijawahi kuua kijana mwenye afya. Ila kuna tofauti moja ambayo upande wa mama unairuka. JKT uko na wenzako mamia, ukigombana na mmoja unahamia kwa mwingine. Huku unapewa mtu mmoja, mwenza, na sheria ni kwamba hamtengani, chumba kimoja, barabara moja, kila mlango mnabisha wawili, na hamkuchaguana. Anaweza kuwa Mmarekani wa Utah ambaye hajawahi kufua nguo kwa mkono, au Mkongo, au Mzambia mwenyewe. Baada ya wiki sita au zaidi mmoja anaweza kuhamishwa na unaanza upya na mtu mwingine.

Nimeifikiria sana hiyo sheria na naiona ina mambo mawili kwa pamoja. Inalinda kweli, kijana wa miaka 18 au 19 kwenye mji asioujua hatembei peke yake, haingii peke yake nyumba ya watu, na akiumwa usiku kuna mtu wa kupiga simu. Lakini hiyohiyo inamnyima sehemu ya kulia. Binadamu anahitaji nusu saa peke yake hasa siku ambayo milango yote imefungwa usoni kwake, na yeye hiyo nusu saa hana.

Suala la simu limebadilika na naona lilichelewa. Zamani mmisionari alipiga nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama, kwingine ni barua na imeili. Tangu Februari 2019 anaruhusiwa kupiga kila wiki. Kwa mama wa Uyole hilo ni kubwa sana, manake angalau kila wiki atasikia sauti na sauti haidanganyi. Ila kinachomuuma baba ni kwamba Zambia kwetu ni pua na mdomo, Tunduma hapo unavuka tu uko Nakonde, na bado utaratibu wao hautaki familia imtembelee mmisionari kazini. Mzee ananiuliza mtoto yuko nchi jirani nisiende kumwona, kafanya kosa gani? Jibu lao ni kwamba akija mzazi akili ya kijana inarudi nyumbani na kazi inaharibika. Nalielewa, ila bado naona ni sharti zito kwa desturi zetu.

Halafu kuna chai. Mtu wa nje anaweza kuona ni kitu kidogo lakini kwa ukanda huu hapana. Hawa watu wana fundisho linaitwa Neno la Hekima, la mwaka 1833, pombe hawanywi, sigara hawavuti, na chai ya majani na kahawa pia hawagusi. Sasa chukua kijana wa Kimarekani kaletwa Tanzania, kaingia kwa bibi mmoja Tukuyu ambaye chai ndo shamba lake, imesomesha watoto wake, kamimina kikombe cha moto kwa heshima zote na mgeni anasema asante, situmii. Bibi anakosa pa kuweka uso. Au aende Mbozi kwa mkulima wa kahawa amfundishe mchana kutwa kuwa anachokilima yeye hakipaswi kunywewa. Hiyo ni changamoto ya kila siku na inataka busara kuliko maandiko. Mchaichai wanakunywa, maziwa na uji pia, kwa hiyo mmisionari mwenye akili anasema mapema kabla maji hayajawekwa jikoni. Mama wa kijana wetu kashajifunza, siku hizi anamchemshia mchaichai, ila aliniambia mwanzoni aliona kama mwanae kamkataa.

Jambo zito zaidi ni rangi. Kanisa hili lilikuwa haliwapi wanaume weusi ukuhani mpaka Juni 1978, na hiyo haifichiki, mwaka 2013 kanisa lenyewe lilichapisha maelezo likazikana nadharia za zamani zilizotumika kuhalalisha jambo hilo. Mjomba mmoja analitumia kama rungu. Na mimi nasema ana haki kuuliza, na kijana atakutana na swali hilohilo Zambia kwa watu asiowajua, akiwa kavaa shati jeupe na beji kifuani. Kama hajalitafuna mwenyewe kwa ukweli kabla ya kuondoka litamvunja njiani. Nilipomuuliza alijibu bila kuzungusha, akasema historia inamuuma na bado anaamini. Sikubaliani naye kwenye imani lakini huyo hajadanganywa.

Upande wa mama una hoja ambayo baba inamshika pabaya. Wamoravian waliofika Rungwe 1891 walikuwa vijana walioacha kwao pia, wanne wa kwanza, na mmoja wao alifariki mwaka huohuo. Bila wao mzee asingekuwa na hilo kanisa analolitetea. Mzee anajibu kwamba wale walikaa, wakajifunza Kinyakyusa, wakajenga shule, sio kupita miaka miwili na kuondoka. Hapo nampa mzee maksi. Miaka miwili ni michache sana kumjua mtu, na ukihamishwahamishwa ndo kabisa, unaanza kusikia lugha vizuri na tiketi ya kurudi imefika.

Kuhusu pesa na kesho yake. Familia za Marekani zinachangia dola 500 kwa mwezi tangu Julai 2020, wa huku wanatoa wanachoweza na mfuko wa kanisa unajazia. Swali gumu ni akirudi. Mmarekani ana chuo kinamsubiri, wetu anarudi mtaani ana miaka ishirini na kitu na hana cheti kipya. Kanisa lina mfuko wa mikopo ya elimu ulioanzishwa 2001 kwa vijana wa nchi kama zetu, ni msaada wa kweli, ila ni mkopo, unalipwa.

Kinachonitisha mimi kuliko vyote ni kurudi kabla ya muda. Wapo wanaoumwa, wapo ambao akili inachoka kabisa, wanarudishwa mwezi wa tano au wa nane, na wakifika nyumbani waumini wananong'ona kwamba kaanguka dhambini na ndugu waliompinga wanasema tulikwambia. Kijana anakataliwa pande zote mbili kwa kuumwa tu. Kanisa siku hizi lina misheni ya huduma ambayo unaifanya ukiishi nyumbani, jambo jema, lakini utaratibu wa ofisini hauzuii mdomo wa jirani.

Kwa hiyo kura yangu ni aende, ila kabla ya safari baba yake na viongozi wa kanisa la kijana wakae meza moja wakubaliane mambo mawili, nani analipa nini kila mwezi, na kijana akiugua au akichoka kabisa anarudi vipi na anapokelewa na nani. Hilo la pili likikosa jibu hata mimi nitasimama na baba yake.